Jicho lipi, ugonjwa gani, umefika wapi: namna tunavyoandika misimbo ya magonjwa ya macho kwenye madai ya bima

Mwaka jana, katika rundo la madai yaliyorudishwa, nilikuta dai la bibi mmoja wa Ngamiani likiwa na maneno machache ya mhakiki wa bima: upasuaji wa jicho hili umekwisha kulipwa. Bibi huyo alikuwa ameondolewa mtoto wa jicho katika jicho la kulia takriban miaka miwili kabla ya hapo, akawekewa lensi ya bandia, na akarudi kushona vitambaa vyake kama zamani. Baadaye uoni ulianza kufifia tena. Daktari alipompima aliona kwamba utando ulio nyuma ya lensi ile ya bandia umeingia ukungu, jambo linalowapata wengi waliofanyiwa upasuaji wa aina hiyo, akamfungulia utando huo kwa leza kwa dakika chache, na bibi akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Katika faili daktari aliandika "mtoto wa jicho, kulia". Mimi niliyejaza dai nikanakili msimbo, yaani alama fupi ya herufi na tarakimu inayotaja ugonjwa, uliotumika siku ya upasuaji wa kwanza: H25.1.

Mhakiki hakukosea. Msimbo H25.1 unasema kwamba lensi ya asili ya mtu huyu ina mtoto wa jicho wa uzeeni katika kiini chake, na kumbukumbu za mfuko wa bima zilionyesha kwamba lensi hiyo ilishatolewa na kulipiwa. Msimbo uliostahili ni H26.4, unaohusu ukungu unaotokea baada ya mtoto wa jicho kuondolewa, ukifuatana na Z96.1, unaoeleza kwamba ndani ya jicho kuna lensi ya bandia. Huduma ilikuwa halali, ilihitajika na ilifanyika vizuri. Ila maelezo yaliyomfikia mlipaji yalikuwa ya ugonjwa mwingine.

Nafanya kazi ya madai katika kliniki ya macho hapa Tanga. Wagonjwa wetu wanatoka mjini na wengine wanakuja kutoka Pangani, Muheza, Mkinga na hata Korogwe. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaokaa kwenye meza kama yangu, na pia kwa madaktari na wauguzi wa macho, kwa sababu baada ya dai la bibi yule nilirudia kupitia madai yetu yote yaliyokatwa, nikaona kwamba sehemu kubwa hayakukatwa kwa sababu ya huduma. Yalikatwa kwa sababu msimbo ulisema kidogo mno, au ulisema jambo lisilolingana na kilichofanyika.

Misimbo tunayoitumia inatoka katika toleo la kumi la uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, linalojulikana kama ICD-10, ambalo liliidhinishwa mwaka 1990 na kuanza kutumiwa na nchi wanachama mwaka 1994. Macho yana sura yake ya saba, kuanzia H00 hadi H59. Herufi na tarakimu mbili za mwanzo hutaja kundi la ugonjwa, na tarakimu iliyo baada ya nukta hutaja aina yake. Tarakimu hiyo ndogo ndiyo inayobeba uzito wote wa jambo ninalolieleza. Mara nyingi tarakimu 9 baada ya nukta humaanisha "isiyobainishwa": H26.9 ni mtoto wa jicho asiyebainishwa, H40.9 ni glakoma (presha ya macho) isiyobainishwa, H10.9 ni uvimbe wa ngozi laini ya jicho usiobainishwa, na H57.9 ni tatizo la jicho lisilobainishwa kabisa. Misimbo hiyo ipo kwa sababu nzuri, kwani kuna siku daktari hajapata jibu. Tatizo linaanza pale inapogeuka kuwa mazoea, ikaandikwa hata siku ambayo jibu limepatikana na limo ndani ya faili.

Ni vizuri kujiweka mahali pa mhakiki. Hajamwona mgonjwa, hajashika taa wala darubini ya kuchunguzia jicho. Anachokiona ni ugonjwa upande mmoja na huduma upande wa pili, na kazi yake ni kujiuliza kama hili linafuatana na lile. Akiona H57.9 upande mmoja na kipimo cha uwanda wa kuona upande wa pili, hana sababu yoyote ya kuamini kwamba kipimo kilihitajika. Akiona H40.1, glakoma ya msingi ya pembe iliyo wazi, swali linajibika lenyewe, kwa maana kipimo hicho ni sehemu ya kawaida ya kumfuatilia mgonjwa wa presha ya macho.

Mfano ulionifundisha zaidi ya yote ni wa kijana wa miaka 24 aliyekuwa akifanya kazi katika shamba la mkonge. Alipangiwa kuondolewa mtoto wa jicho la kushoto, na maombi yake ya kibali cha bima yakarudishwa. Nilifungua faili nikakuta neno moja, "mtoto wa jicho", na mwenzangu aliyejaza fomu alikuwa ameweka H25.9. Kundi lote la H25 ni la mtoto wa jicho wa uzeeni. Umri wa kijana ulikuwa umeandikwa juu ya fomu hiyo hiyo, kwa hiyo fomu yenyewe ilikuwa inajipinga. Nilibeba faili hadi chumba cha daktari.

"Dokta, samahani. Huyu kijana ana miaka ishirini na minne tu, nasi tumemwandikia ugonjwa wa wazee."

"Ah, yule wa mkonge! Alichomwa na mwiba wa ncha ya jani mwaka juzi, dada. Alinieleza habari yote."

"Alikueleza wewe, dokta, lakini faili halijaelezwa."

Daktari alinyamaza kidogo, akachukua kalamu, akaandika kwamba mtoto wa jicho huyo ametokana na jeraha, akataja jicho, akataja mwaka, akataja kovu alilolikuta kwenye kioo cha jicho. Sasa nilikuwa na H26.1, mtoto wa jicho wa majeraha, na nilikuwa na historia inayouthibitisha. Kibali kilipatikana kwa barua ya pili. Hata hivyo, maneno yale ya daktari yalifungua jambo jingine ambalo sikulitarajia. Jeraha lilitokea kazini, na hapa kwetu ajali za kazini zina mlango wake wa malipo, ambao ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kwa hiyo kisababishi cha jeraha, ambacho katika ICD-10 kina sura yake ya ishirini, hakiishii kwenye takwimu. Kinaweza kubadilisha hata suala la nani anapaswa kubeba gharama, na kinaweza kumpa mfanyakazi haki ambayo asingeijua. Tangu siku hiyo siridhiki na faili la jicho lililoumia ambalo halisemi liliumia wapi na kwa kitu gani, liwe la mchomeleaji wa vyuma aliyeingiwa na cheche au la mvuvi aliyerukiwa na ndoano.

Kisukari nacho kinastahili maelezo marefu, kwa sababu wagonjwa wake ni wengi na makosa yake yanajirudia. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili ambaye retina yake, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imeathirika anahitaji misimbo miwili inayotembea pamoja: E11.3, inayosema kwamba kisukari chake kimeleta madhara machoni, na H36.0, inayotaja madhara hayo kwenye retina. Katika kitabu cha ICD-10 msimbo wa kwanza una alama ya msalaba mdogo na wa pili una alama ya nyota. Msalaba ni chanzo cha ugonjwa, nyota ni mahali ulipojitokeza, na kanuni ni kwamba nyota haisimami peke yake. Sisi kwa muda mrefu tulikuwa tukiandika H36.0 peke yake, kwa kuwa tuliona sisi ni kliniki ya macho na kisukari ni shughuli ya kliniki nyingine. Madai yakarudi, mojawapo likiwa la mama wa Pangani aliyefunga safari mara tatu kwa ajili ya leza ya retina. Wakati mwingine tulifanya kinyume chake, tukaandika E11.9, ambayo maana yake ni kisukari kisicho na madhara, kisha tukadai leza. Mtu asiye na madhara anachomwa leza ya nini? Mhakiki ana haki ya kuuliza.

Hapo hapo lazima niseme upande wa pili. Mgonjwa wa kisukari anayekuja kuchunguzwa retina, na retina ikakutwa safi, anabaki na E11.9. Kumwandikia E11.3 ili uchunguzi ulipwe bila maswali ni kumpa ugonjwa ambao hana. Uchunguzi wa kila mwaka kwa mwenye kisukari ni huduma inayojitetea yenyewe, mradi daktari aandike kwamba alipanua mboni, alitazama retina, na hakukuta madhara. Hayo "hakukuta" nayo ni matokeo ya kitabibu, yaandikwe.

Ninalisisitiza hili kwa sababu nimesikia watu wa madai wakielewa "msimbo mahususi" kuwa ni "msimbo mzito". Haya ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa. Chukua glakoma. Mtu akikutwa na presha ya jicho iliyopanda, au kichwa cha neva ya jicho chenye shimo lenye kutia shaka, wakati uwanda wake wa kuona bado haujapimwa, msimbo wake ni H40.0, yaani mshukiwa wa glakoma. Ni msimbo mahususi, umetengenezwa kwa ajili ya hali hiyo hasa, na unaeleza vizuri kwa nini kipimo cha uwanda wa kuona kinatakiwa. Aliyeandika H40.1 kabla ya majibu ameongeza hukumu ambayo daktari hajaitoa. Dereva wa lori anayepita bandarini kila siku hapaswi kubeba jina la glakoma katika kumbukumbu zake za bima kwa sababu tu mtu wa mezani alitaka dai lipite. Msimbo unatoka kwenye maandishi ya daktari. Maandishi yasipojitosheleza, mtu wa madai anarudi kuuliza, hajazi mwenyewe.

Kuna kosa jingine ambalo lilituchukua miezi kulitambua, nalo linatokana na intaneti. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alipakua orodha ya misimbo ya macho iliyopangwa vizuri, akaichapisha na kuibandika ukutani. Ilikuwa orodha ya Marekani. Marekani wanatumia toleo lao la ICD-10, walilolianza rasmi tarehe 1 Oktoba 2015, na wameongeza tarakimu zinazotaja upande wa jicho. Kwao H25.11 ni mtoto wa jicho wa kiini katika jicho la kulia, H25.12 ni wa kushoto, na H25.13 ni wa macho yote mawili. Katika glakoma wanaongeza hata tarakimu ya saba inayoeleza ugonjwa umefika hatua gani. Kwa bima ya Marekani, msimbo usiotaja jicho ni sababu ya kutosha ya kukataliwa. Lakini toleo la Shirika la Afya Duniani halina tarakimu hizo, na dai letu lenye H25.11 lilipoingia katika mfumo uliopangwa kwa toleo hilo, lilikataliwa kama msimbo usiokuwepo. Tulikuwa tumejitahidi kuwa mahususi kwa lugha ambayo mlipaji wetu haisomi.

Uainishaji huu asili yake ni orodha ya sababu za vifo aliyoiwasilisha Jacques Bertillon mwaka 1893 mjini Chicago. Orodha iliyozaliwa kwa ajili ya kuhesabu vifo haikuwa na haja ya kuuliza kulia au kushoto. Kwetu sisi wa macho, upande ni nusu ya habari, kwa hiyo pale ambapo msimbo hauubebi, tunauandika kwa maneno katika sehemu ya maelezo ya ugonjwa na tunaurudia katika sehemu ya huduma, ukiwa ule ule. Tunaandika "jicho la kulia" au "jicho la kushoto" kwa ukamilifu. Madaktari wetu walizoea vifupisho vya Kilatini, OD kwa kulia na OS kwa kushoto, lakini katika maandishi ya dawa OD hiyo hiyo husomwa kuwa mara moja kwa siku, na mhakiki ambaye hakusomea macho hapaswi kubahatisha. Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, linaruhusu kuambatanisha upande na msimbo wenyewe, nami nalisubiri kwa hamu lifike kwenye mifumo yetu ya madai.

Kuhusu miwani sina mengi. H52.1 ni kutoona mbali, H52.2 ni astigmatizimu, yaani uoni unaovurugika kwa sababu ya umbo la jicho, H52.4 ni ile hali ya kushindwa kusoma karibu inayokuja na umri, na hakuna sababu ya kuandika H52.7 isiyobainishwa wakati kadi ya vipimo vya miwani ina namba zote. La kuangalia ni mpangilio. Mzee aliyekuja kwa sababu jicho limekuwa jekundu na linawasha, kisha akapimiwa na miwani ya kusomea siku hiyo hiyo, alikuja kwa ajili ya jicho jekundu. Ukitanguliza H52.4, ziara nzima inaweza kuhesabiwa kuwa ya miwani, na mafao ya miwani katika bima nyingi yana ukomo wake na masharti yake. Dawa za jicho linalowasha zikakosa ugonjwa wa kuzisimamia. Kilichomleta mgonjwa kitangulie.

Baada ya yote haya tulikaa na daktari na muuguzi wa chumba cha vipimo, alasiri moja ya Ijumaa, tukaamua jambo dogo. Orodha ya Marekani iliondolewa ukutani. Mahali pake pakawekwa karatasi moja yenye magonjwa tunayoyaona mara nyingi, yaliyochukuliwa katika toleo tunalolitumia, na chini yake maneno manne kwa herufi kubwa: UGONJWA, JICHO, CHANZO, HATUA. Daktari hatakiwi kukariri misimbo. Anatakiwa kuandika sentensi moja inayojibu maneno hayo manne kabla mgonjwa hajainuka kitini, kwa sababu mgonjwa akishapanda gari kurudi Muheza, habari ya mwiba wa mkonge inakwenda naye. Muuguzi anaisoma sentensi hiyo anapopokea faili. Ikikosekana, anarudi na faili mlangoni kwa daktari kabla halijafika kwangu.

Vilevile tuliacha kunakili msimbo wa ziara iliyopita. Fundi wa kuchomelea aliyekuja Jumatatu na chembe ya chuma kwenye kioo cha jicho ni T15.0. Akirudi Alhamisi chembe ikiwa imeshatolewa lakini mahali pake pana kidonda, sasa ni H16.0, na dawa za matone anazopewa kila saa zinaeleweka kwa msimbo huo wa pili, wala hazieleweki kwa ule wa kwanza. Jicho ni lile lile, mtu ni yule yule, lakini ugonjwa wa Alhamisi si ule wa Jumatatu. Hapo mwanzo tungempeleka na T15.0 hadi apone.

Dai la bibi wa Ngamiani nililituma upya likiwa na H26.4 na Z96.1, pamoja na nakala ya ukurasa ambao daktari aliongeza kwa mkono wake tarehe ya upasuaji wa kwanza na hali ya utando aliyoikuta. Lililipwa. Bibi alikuja tena mwezi uliofuata kupimwa jicho la kushoto, ambalo mtoto wake wa jicho bado ni mchanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hili nalo mtaniandikia la kulia?"

Nilimwonyesha faili. Daktari alikuwa ameandika: mtoto wa jicho wa uzeeni, anayeanza, jicho la kushoto, upasuaji hauhitajiki kwa sasa. Nikaandika H25.0, nikamsomea sentensi yote kwa sauti, naye akatikisa kichwa kukubali kila neno.